Funza Waliokufa Wameshiba

Kila Jumamosi asubuhi, mama akishajitwika beseni la samaki kwenda sokoni, Victoire alibaki na kazi moja, na kazi hiyo aliichukia toka moyoni. Alifungua magunia ya maharage yaliyopangwa katika chumba alicholala na mdogo wake Luc, akachota kwa sahani, akayatandaza juu ya turubai nyuma ya nyumba. Huko nyuma, kama sehemu nyingi za mtaa wa Katoyi, hakuna udongo. Ni mawe meusi ya volkano, na jua likiyapiga yanachoma nyayo. Maharage yakipata joto la juu na la chini, fukusi, wale wadudu wadogo wanaotoboa punje, hutoka mbio kutafuta kivuli. Halafu unapepeta, unachambua, unageuza, unapepeta tena. Na mvua ya Goma haipigi hodi. Ukiisikia juu ya mabati ya jirani, ujue umeshachelewa.

Maharage yalikuwa ya baba yake, Papa Sikuli, mtu wa Butembo aliyezunguka na biashara zake, maharage kutoka Rutshuru, samaki kutoka Vitshumbi. Safari hii alikuwa amekwama Rutshuru kwa sababu njia haikupitika. Kabla ya kuondoka alimwita binti yake.

"Victoire, haya ni ya kula na ya kupanda. Usiweke dawa yoyote humo. Jua tu. Umesikia?"

"Nimesikia, papa."

Kusikia, bwana, si kazi ngumu. Kazi ni kuanika.

Kulikuwa na mtu mwingine aliyeyajali maharage hayo. Madamu Nsimire alikuwa mwanamke kijana kutoka upande wa Bukavu, mtafiti wa wadudu, anayeongea upesi na kucheka upesi. Kituo alichofanyia kazi hakikuwa mbali na shule ya Victoire. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba kiganja cha maharage kwa ajili ya utafiti wake, na kila mlango aliuliza swali lile lile: "Mmetia dawa, ao ni jua tu?" Nyumba ya Papa Sikuli ilikuwa nyumba ya jua, na Madamu Nsimire aliipenda kwa sababu nyumba za namna hiyo zilikuwa zimebaki chache.

Aliyeharibu mambo ni Carlos. Carlos alikaa dawati moja na Victoire, na baba yake alikuwa mlinzi wa depo moja ya nafaka. Siku moja Victoire alipolalamika kwamba mgongo unamuuma kwa kuinamia maharage, Carlos alicheka mpaka mwalimu akageuka.

"Wewe bado unaanika?" alinong'ona. "Kule depo hawaaniki kitu. Wanatupia vidonge ndani, wanafunga, basi. Fukusi wanakufa wote, na watoto wao."

"Vidonge gani?"

Carlos hakujibu kwa maneno. Siku iliyofuata alimletea kopo la maziwa ya unga lililofungwa sana kwa plastiki. Ndani mlikuwa na vidonge vya kijivu, vinene kuliko vile vya malaria.

"Usivishike na mikono yenye maji," alisema. "Na usimwambie mutu."

"Si ni sumu?"

"Sumu ya wadudu. Kwani wewe ni mududu?"

Wakacheka wote wawili. Mungu awasamehe, walicheka kweli.

Victoire alichukua vya kutosha magunia yake, kopo likabaki na Carlos. Jumamosi hiyo alisukuma vidonge ndani kabisa ya kila gunia, akafunga midomo ya magunia kwa kamba, akatandika turubai juani bila kitu juu yake ili jirani wakiangalia waone turubai. Kisha akakimbia kwa wenzake kucheza nzango, ule mchezo wa makofi na kurusha miguu ambao wasichana wa Goma huucheza mpaka njaa iwakumbushe nyumbani. Jioni mama yake alitua beseni na kumuuliza, "Umeanika?"

"Nimeanika, mama."

"Mutoto mwema," mama alisema, akampa kipande cha muwa. Victoire alikitafuna bila kumtazama.

Jambo la kwanza lililokuja ni harufu. Ilikuwa kama ya samaki waliooza, tena imechanganyika na kitunguu saumu, na ilikaa katika chumba cha watoto. Mama aliwasingizia samaki wa Vitshumbi aliowaweka pembeni, akawatoa nje wote, akasugua sakafu kwa sabuni. Harufu ikabaki. Kisha mijusi wakaanza kuanguka kutoka kwenye dari, wakakutwa asubuhi wamelala chali. Jumamosi iliyofuata Victoire aliongeza vidonge vingine kutoka kopo lile, kwa sababu Carlos alimwambia vya kwanza pengine vimekwisha nguvu. Baada ya hapo paka wao, aliyependa kujikunja kati ya magunia, alikutwa chini ya kitanda, mdomo wazi, amekuwa mgumu kama kuni.

Na Luc. Luc alikuwa na miaka minne, mtoto wa maneno mengi, anayemuuliza hata mbuzi wa jirani habari za asubuhi. Sasa aliamka kimya.

"Yaya, kichwa kinanigonga," alimwambia dada yake, halafu akatapika.

Mchana, akicheza nje kwenye upepo, alipata nafuu. Akilala, asubuhi anaamka vibaya tena. Mama alimpeleka kituo cha afya, wakamtoboa kidole, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Victoire mwenyewe aliamka na kichwa kizito na kichefuchefu, lakini hakusema. Alikuwa anaanza kuogopa kitu ambacho hakutaka kukipa jina. Ungemwona usiku anavuta shuka mpaka usoni, ungedhani ni baridi.

Ndipo jirani yao, Mama Nyirakamana, alipoingia akamkuta yule paka bado hajatupwa. Alikuwa mwanamke mzima, mpole, na zamani mbuzi wake wote walimfia siku moja kwenye kishimo karibu na ziwa. Mbuzi hao waliuawa na mazuku. Mtoto yeyote wa Goma anayajua mazuku. Ni hewa mbaya ya volkano inayotoka kwenye nyufa za mawe. Haina rangi, haina harufu, nayo hulala mahali pa chini kama maji yanavyolala dimbwini. Mbuzi akiinamisha kichwa humo haamki. Mtu naye vilevile.

Mama Nyirakamana alimtazama paka, akatazama sakafu, akatazama godoro la watoto lililolazwa chini.

"Mama Victoire, mutoto wako analala wapi?"

"Hapo chini."

"Ee Yezu! Paka kafa chini, mijusi imekufa chini, na mutoto unamlaza chini? Haya ni mazuku. Yanapanda kwenye nyufa za nyumba yako. Mupandishe mutoto juu leo hii!"

Mama akapiga ukelele mdogo. Victoire alisimama mlangoni, na sasa nitawaambia jambo baya lakini la kweli: moyo wake ulifurahi. Mazuku! Basi si yeye. Ni volkano. Ile hofu iliyomkaa kifuani siku zote hizo ilimwachia, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Tangu dakika hiyo hakutaka tena kufikiri jambo jingine.

Mama alifanya kila kitu ambacho mama wa Goma angefanya. Alitafuta matambara, akaziba nyufa zote za sakafu. Akaziba chini ya mlango. Akaziba na kidirisha, asije mtu akasema hewa mbaya iliingilia hapo. Kisha akatafuta mahali pa juu kuliko pote ndani ya nyumba. Unajua ni wapi? Ni juu ya magunia. Aliyapanga vizuri, akatandika blanketi, akamnyanyua Luc akamlaza pale juu karibu na mabati, na Victoire akaambiwa aende kulala na mama yake chumba cha mbele.

"Niko juu kama ndege," Luc alisema, akacheka kidogo. Mama naye akacheka, machozi yakimtoka.

Victoire aliona yote hayo. Aliona magunia, aliona mdogo wake amelala juu yake. Alifungua mdomo. Halafu akasema moyoni: wakubwa wenyewe wamesema ni mazuku. Akaufunga.

Luc hakupona. Alizidi. Midomo yake ilibadilika rangi, akawa anapumua kama mtu anayepanda mlima, na alilala hata mchana. Mama alisali rozari, akamwomba Mama Nyirakamana akae mlangoni kila alipolazimika kwenda sokoni. "Asishuke chini," alimwambia. "Hata akilia, asishuke."

Katika hali hiyo Madamu Nsimire akawaita wanafunzi wa darasa la Victoire kituoni baada ya masomo. Alikuwa amewaahidi kwamba watawaona fukusi kama hawajawahi kuwaona.

Chumbani mwake mlikuwa na mashine kubwa kama friji, ikinguruma kwa umeme wa jenereta. Watoto walijibana ukutani. Carlos alikuwapo, akajifanya haogopi.

"Mutu akivunjika mkono, hospitali wanampiga radio, ile picha ya eksirei," Madamu Nsimire alianza. "Wanapata picha moja ya mfupa, picha bapa. Mashine hii inatumia miali ile ile, lakini inazungusha harage polepole na kulipiga picha mamia kwa mamia, pande zote. Kisha kompyuta inaziunganisha, tunapata harage zima la pande tatu. Naweza kuligeuza, naweza kuingia ndani yake, na kisu hakijaligusa. Angalieni."

Kwenye kioo cha kompyuta harage lilielea, kubwa kama mkate. Madamu Nsimire alisogeza kidole na ganda likayeyuka. Watoto wakasema "Ayi!" kwa pamoja. Ndani ya harage mlikuwa na chumba, kimechongwa vizuri, na ndani ya chumba kulikuwa na funza mnene amejikunja. Huyo ni mtoto wa fukusi, Madamu aliwaeleza, anayekula harage akiwa ndani yake kabla hajaota mabawa. Kidole kikasogea tena, na ngozi ya funza nayo ikatoweka. Sasa walimwona ndani yeye mwenyewe: utumbo wa manjano, mafuta meupe, uzi mwembamba wa neva, na mirija ya buluu iliyotawanyika kila mahali kama mizizi.

"Hii ya buluu ni njia ya hewa," alisema. "Mududu hana mapafu. Ana matundu madogo ubavuni, na kwenye kila tundu mrija unaingia, unagawanyika, unagawanyika tena, mpaka hewa inafika kila pembe ya mwili wake."

"Huyo ametoka wapi?" Carlos aliuliza.

"Huyo wa zamani, ametoka kwa akina Victoire. Na jua lilimpata, mnaona? Amenywea, amekauka, mwili wake umejikunja kama ngozi ya mhogo. Sasa tazameni hawa wapya, wa maharage niliyochukua juzi nyumba ile ile."

Akafungua picha nyingine, na nyingine, na nyingine. Uso wake ulipoteza kicheko. Katika kila harage funza walikuwa wazima kwa umbo, wanene, wametulia vyumbani mwao kama waliolala.

"Hawa wote wamekufa," alisema polepole. "Lakini utumbo umejaa chakula. Mafuta yapo yote. Hakuna aliyenywea, hakuna aliyejaribu kutoka. Wamekufa wameshiba. Jua haliui hivi." Akageuka. "Victoire, nyumbani mmebadilisha kitu?"

Chumba kizima kilimtazama. Carlos alitazama viatu vyake.

"Hapana, Madamu. Jua tu."

Madamu Nsimire alikuna kichwa. "Basi sielewi. Kama singeijua nyumba yenu, ningesema ni vile vidonge vya depo. Hivyo vikipata unyevu kidogo tu wa hewa vinatoa gesi. Gesi hiyo inapita kwenye gunia, inapenya ganda la harage bila kulitoboa, na inaingia humu." Aligusa mirija ya buluu. "Inaingia kila mahali hewa inapoingia. Haichagui. Ikikuta mapafu ya mutu, inaingia pia. Ndiyo maana depo zinafungwa na mutu hakubaliwi kulala humo. Nyumba nzima inaweza kulala isiamke."

Jenereta ilinguruma. Victoire alitazama ile mirija, akahisi kama yeye mwenyewe amekatwa akaonekana ndani. Sauti iliyomtoka haikuwa yake.

"Madamu, na mutoto akilala juu ya magunia hayo?"

"Anakufa," Madamu Nsimire alijibu bila kugeuka. Kisha akageuka. "Nani amelala juu ya magunia?"

Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, darasa zima litajua ni mwongo, mama atajua, papa atajua. Yote hayo yalimpitia kichwani. Lakini alimwona Luc juu karibu na mabati, na matambara chini ya mlango.

"Luc," alisema. "Mudogo wangu. Yuko juu sasa hivi."

Madamu Nsimire hakuuliza zaidi. Alimshika mkono, wakatoka mbio, wakamsimamisha motari wa pikipiki wa kwanza waliyemwona, wakapanda nyuma yake wote wawili. Njiani alipiga simu ya mama mara nyingi, haikupatikana. Pikipiki iliruka juu ya mawe, na Victoire alikuwa anasema maneno ambayo hata yeye hakuyasikia.

Mama Nyirakamana alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda, akichambua sombe, majani ya mhogo. Aliwainulia mkono.

"Polepole, mutoto analala. Leo ametulia kabisa, hajalia hata kidogo."

"Mama Nyirakamana, ondoka mlangoni!"

"Lakini yuko juu! Mazuku hayafiki kule!"

Madamu Nsimire alikwisha kuusukuma mlango wa chumba. Matambara yaliukwamisha, akaupiga kwa bega ukafunguka, na ile harufu ya samaki na kitunguu saumu ikatoka kama mtu aliyekuwa anangoja nyuma yake. Alijifunga kitambaa puani, akabana pumzi, akaingia. Alipotoka alikuwa amembeba Luc, na mikono ya Luc ilikuwa inaning'inia.

Walimlaza juu ya mawe, penye upepo. Uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu. Victoire aliita jina lake. Hakuitika. Kifua chake kilipanda kidogo, kikakaa, halafu baada ya kitambo kikapanda tena.

"Mpelekeni kituo cha afya, haraka!" Madamu Nsimire alisema, akikohoa. "Mimi nabaki hapa nifungue madirisha na kuzuia watu wasiingie. Victoire, nisikilize. Mwambie muuguzi ni vidonge vya depo. Mwambie hivyo hivyo."

Victoire na Mama Nyirakamana wakaondoka na mtoto kwa pikipiki ile ile. Kituoni muuguzi Balagizi, mtu mfupi asiyependa kelele, aliwapokea na kumlaza Luc kitandani. Kabla Victoire hajasema neno, Mama Nyirakamana alikwisha kupaza sauti: "Ni mazuku! Ni mazuku, papa, tuliyaona tangu siku za paka!" Na hapo hapo mama akaingia akikimbia miguu mitupu. Sokoni walimpa habari. "Mazuku yamemfuata hata juu," alilia. "Hata juu, Mungu wangu!"

"Tulieni," Balagizi alisema, akimwekea Luc hewa ya oksijeni puani. "Watu wa mazuku nawajua. Hewa safi ikiwahi, wanarudi upesi. Jioni mtamrudisha nyumbani."

Jioni nyumbani. Juu ya magunia. Victoire alimshika muuguzi mkono wa koti.

"Si mazuku. Ni vidonge. Vidonge vya depo, viko ndani ya maharage."

Balagizi aligeuka upesi sana. "Vidonge? Vingi? Tangu lini? Nani alivitia? Nataka kujua, binti, mtoto huyu hana muda."

Mama alikuwa anamtazama. Mama Nyirakamana alikuwa anamtazama.

"Ni mimi," Victoire alisema. "Sikuanika. Nilisema nimeanika, lakini nilitia vidonge, na wiki ya pili nikaongeza. Mama, ni mimi."

Mama hakupiga kelele, wala hakumpiga. Alisema tu, "Wewe?" akaketi chini sakafuni.

"Tunaenda hospitali kubwa sasa hivi," Balagizi alisema, tayari akiita gari. "Na mjue kabisa, sumu hii haina dawa ya kuiondoa mwilini. Tutausaidia moyo wake na kifua chake, kisha tutangoja. Kama mngemrudisha kwenye chumba kile, mngemzika kesho."

Wakangoja. Luc alilala na mirija puani, moyo wake ukienda mbio, ukipungua, ukienda mbio tena, na madaktari walikuja kumtazama bila kusema mengi. Papa Sikuli alipigiwa simu Rutshuru. Njia bado haikupitika, asingeweza kuja. Watu wa kituo cha Madamu Nsimire waliyatoa magunia wakiwa wamevaa vinyago na glavu, na maharage yote ya Papa Sikuli yakaenda kuharibiwa mbali na watu. Mama Nyirakamana alikaa nje ya hospitali akirudia maneno yale yale: "Ni mimi niliyesema apandishwe." Na mama hakumsemesha Victoire. Alimpa chakula, akamfunika shuka, lakini hakumsemesha. Victoire alitamani apigwe, ingekuwa rahisi zaidi.

Halafu, asubuhi moja, Luc alifumbua macho, akamtazama dada yake kwa muda mrefu.

"Yaya," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "nina njaa."

Victoire alilia kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Mama naye alilia. Daktari akasema mtoto atabaki hapo kwanza, lakini sasa kuna matumaini. Na katikati ya furaha hiyo yote, Victoire aliona bado kuna kitu kimemkaba. Jina moja hakuwa amelitaja, kwa sababu aliombwa asimwambie mtu.

"Mama," alisema. "Vidonge vilitoka kwa Carlos. Alikuwa na kopo zima. Mimi sikuchukua vyote."

Mama alijifuta uso. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu siku ile: "Simama. Twende."

Walimkuta Carlos nyumbani kwao. Hakuhitaji kuulizwa mara mbili, alianza kulia kabla hawajaketi. Tangu siku ya mashine hakuwa ameweza kula vizuri. Vilivyobaki alimpa Mama Joviale, mwanamke mwenye kibanda cha maharage nyuma ya shule, kwa sababu naye alilalamikia fukusi. Baba yake Carlos alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha wote wakatoka, watoto mbele, wakubwa nyuma, wakienda kwa haraka.

Mlango wa Mama Joviale ulikuwa umefungwa, na chini yake matambara mapya yalikuwa yamesokomezwa vizuri. Victoire aliyaona. Aligonga kwa ngumi zote mbili. Mama Joviale alifungua nusu, macho mekundu.

"Msiingie na hewa ya nje," alisema. "Kuku wangu wamekufa wote. Mutoto wangu mchanga anatapika maziwa. Mazuku yamefika hata huku, hamjasikia habari za Luc?"

Harufu ilikuwa inatoka nyuma yake. Victoire aliangalia ndani, akaona magunia, na juu ya magunia kitambaa cheupe kimetandikwa.

"Si mazuku, mama," alisema. "Ni vile vidonge. Mimi pia niliviweka, nikadanganya, na ndivyo vilivyomwangusha Luc. Mtoe mutoto nje. Tafadhali, mtoe sasa!"

Mama Joviale alimtazama, akamtazama mama yake. Kisha akarudi ndani mbio, akatoka na furushi kifuani. Upepo wa nje ulipompata, mtoto mchanga alikunja uso, akapiga chafya, akalia. Alilia kwa nguvu, kwa hasira, kilio cha mtoto mwenye pumzi. Hakuna aliyemnyamazisha. Baba yake Carlos alikwenda kuita pikipiki ya kuwapeleka kituo cha afya, na Mama Joviale alipanda akiwa amemkumbatia mwanawe.

Waliporudi, Victoire na mama yake walitembea mpaka karibu na hospitali. Hapo mama akasimama.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Uvivu wako ungekwisha kwa mimi kukukaripia, na kesho yake ungeanika. Lakini ulisema uongo, na uongo wako ukatufumba sisi wote macho. Tukatafuta adui chini ya sakafu, na mimi, mama yake, kwa mikono yangu hii, nikampandisha mwanangu juu ya sumu. Ungesema neno moja siku ile ya paka, Luc asingefika hapa. Leo umelisema, na mutoto wa Mama Joviale analia. Ukikosea, mwanangu, sema palepale, hata kama unaogopa nitakupiga. Mimi naweza kukusamehe kosa lolote, lakini siwezi kumfufua mutu."

Mama alimvuta, akamkumbatia pale barabarani, watu wakipita. Kisha wakaingia ndani kumlisha Luc uji.